UZI: Idhini ya mzazi kumsafirisha mtoto nje ya nchi. Kila mlango na kufuli lake

Muhuri Mbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, swali hili hurudi kila likizo za shule zikikaribia, na majibu yake huwa vipande vipande. Kosa la kwanza ni kudhani idhini ni karatasi moja inayofungua kila kitu. Mtoto anapita milango minne: ofisi ya pasipoti, ubalozi wa viza, kaunta ya shirika la ndege na dirisha la uhamiaji, la kutokea na la kuingilia. Mzazi aliyesaini fomu ya pasipoti amekubali mtoto awe na pasipoti. Hajakubali mtoto asafiri. Na aliyekubali mtoto asafiri hajakubali ahamie huko.

Kila nchi imefunga kufuli lake kwenye mlango tofauti, ndiyo maana ushauri wa jirani yako aliyesafiri kwingine unaweza kukuponza.

Marekani imefunga kwenye pasipoti. Mtoto wa chini ya miaka 16 anatakiwa kufika na wazazi wote wawili. Asiyeweza kufika anajaza fomu DS-3053, anaisaini mbele ya notari (ofisa wa sheria anayeshuhudia saini) na kuambatisha nakala ya kitambulisho alichomwonyesha notari huyo, mbele na nyuma. Fomu ikipitisha miezi 3 tangu isainiwe, inaanza upya. Ubana huo una sababu: ukitoka Marekani hakuna dirisha la uhamiaji la kukugongea muhuri wa kutokea, kwa hiyo pasipoti ikishatoka, kufuli limekwisha. Mzazi mwenye wasiwasi anaweza kumwandikisha mtoto wa chini ya miaka 18 kwenye mpango wa tahadhari wa wizara ya mambo ya nje, ili ajulishwe ombi la pasipoti ya mtoto huyo likiingia.

Brazili imefunga kwenye kutoka. Sheria yao ya watoto ya 1990 inasema mtoto akisafiri na mzazi mmoja, yule mwingine lazima awe ameidhinisha kwa maandishi, saini ikiwa imethibitishwa. Nakala halisi ni mbili, na moja inabaki kwa polisi wa shirikisho pale mpakani. Ukienda na moja, umeenda na pungufu. Idhini isiyotaja muda wake inahesabiwa miaka 2. Wazazi wanaweza pia kuomba idhini ichapwe ndani ya pasipoti yenyewe ya mtoto, na hiyo inaondoa usumbufu mwingi.

Ufaransa iko katikati. Mtoto anayeishi huko, wa uraia wowote, akitoka bila mzazi anahitaji fomu ya serikali iitwayo Cerfa, namba 15646, iliyosainiwa na mzazi mmoja mwenye mamlaka, pamoja na nakala ya kitambulisho cha aliyesaini. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2013, ukarudishwa tarehe 15 Januari 2017. Akiwa na mama au baba, fomu hiyo haihusiki.

Kanada haina sheria inayokulazimisha kubeba barua, lakini serikali yenyewe inashauri uibebe na imeweka mfano wake. Watu husoma "si lazima", wanaiacha nyumbani, halafu wanashangaa kuwekwa pembeni na afisa.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote, uliza nchi tatu: ambayo mtoto ni raia wake, ambayo anaishi, na anayokwenda. Ukipitia ya nne kubadili ndege, iulize na hiyo.

---

Chap Chap

Mkuu asante. Swali: mimi nikiwa na cheti cha kuzaliwa chenye jina langu, si ndiyo tayari nina haki? Kwa nini niombe ruhusa?

---

Bibi Sheria

Chap Chap, hapo pana mtego. Cheti kinaonyesha nani ni mzazi. Nani mwenye haki ya malezi ni suala jingine, na linaamuliwa na sheria ya pale mtoto anapoishi.

Mifano. Uingereza na Wales, baba asiyemuoa mama anapata mamlaka ya mzazi akiandikishwa kwenye cheti, lakini kwa watoto walioandikishwa kuanzia tarehe 1 Desemba 2003. Kwa walioandikishwa kabla ya hapo, jina peke yake halimpi mamlaka hayo. Ujerumani, mama asiye na ndoa ndiye mwenye malezi peke yake mpaka wazazi watoe tamko la pamoja au mahakama iamue. Mama huyo anaweza kupewa na ofisi ya ustawi wa watoto cheti kinachosema kwamba hakuna tamko la pamoja lililosajiliwa. Karatasi moja tu, na inamaliza maswali mengi pale dirishani. Ufilipino, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa yuko chini ya mama, hivyo baba akisafiri naye anachukuliwa kama mtu mwingine na anahitaji kibali cha idara ya ustawi wa jamii.

Halafu lipo hili la amri ya mahakama. "Nina amri kwamba mtoto anaishi na mimi" si sawa na "nina ruhusa ya kumtoa nchini". Kwa Uingereza na Wales, kifungu cha 13 cha Sheria ya Watoto ya 1989 kinamruhusu aliyetajwa kwenye amri kuwa ndiye anayeishi na mtoto amtoe kwa muda usiofika mwezi mmoja, siku 28 kama wanavyozihesabu. Zaidi ya hapo anahitaji ridhaa ya maandishi ya kila mwenye mamlaka ya mzazi, au ruhusa ya mahakama. Asiye na amri yoyote hana hata hizo siku 28, na kumtoa mtoto wa chini ya miaka 16 bila ridhaa ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1984 ya utekaji wa watoto. Ndiyo, hata ukiwa mama yake mzazi.

Soma amri yako mstari kwa mstari. Kama neno safari, pasipoti au nje ya nchi halimo, usijazie mwenyewe kichwani.

---

Dirisha Namba Nne

Naongeza upande wa pili wa kioo. Afisa ana dakika mbili tatu na foleni nyuma yako. Hasomi barua yako kama hukumu. Anatafuta mnyororo: jina la mtoto kwenye pasipoti, lile lile kwenye cheti cha kuzaliwa, majina ya wazazi kwenye cheti, yale yale kwenye kitambulisho kilichoambatishwa, na saini ya kitambulisho ifanane na saini ya barua. Pete moja ikikatika, maswali yanaanza.

Pete zinazokatika mara nyingi ni hizi.

Mama ana jina la ndoa kwenye pasipoti na jina la ubini kwenye cheti cha mtoto. Suluhisho ni cheti cha ndoa, au cha talaka, au hati ya kubadili jina. Mdomo hautoshi.

Cheti kifupi. Nchi nyingi zina aina mbili za cheti cha kuzaliwa, na kile kifupi hakina majina ya wazazi. Kwa kazi hii hakina maana. Afrika Kusini ilipoanza kudai cheti kirefu tarehe 1 Juni 2015, familia nyingi zilikwama kwa sababu hiyo tu. Sharti lililegezwa mwaka 2019 kwa watoto wa kigeni wanaosafiri na wazazi, lakini kwa mtoto anayesafiri peke yake au na mtu asiye mzazi bado nyaraka ni nyingi: cheti, ridhaa ya wazazi, barua ya mtu atakayempokea, nakala ya kitambulisho chake na anwani yake.

Namba ya pasipoti ya zamani. Barua imesainiwa mwezi wa pili, pasipoti ya mtoto ikabadilishwa mwezi wa nne, safari ni wa sita. Barua inataja kitabu ambacho hakipo tena. Andikeni upya, au mbebe na kile cha zamani kilichobatilishwa.

Na simu. Namba ya mzazi asiyesafiri itapigwa. Kama ndege inaruka saa tisa usiku, simu iwe hewani saa tisa usiku, ikiwa na namba ya nchi mbele na mtu anayeweza kuzungumza lugha ambayo afisa anaielewa.

Mtoto naye anaulizwa. Huyu ni nani? Mnaenda wapi? Mama yuko wapi leo? Ni maswali mepesi, wala si ya kumtega. Msimfundishe majibu. Mtoto aliyefundishwa anajulikana mara moja, anamtazama mtu mzima kabla ya kujibu. Mwambieni ukweli wa safari siku mbili tatu kabla, inatosha.

---

Mama Nyaraka

Nakazia. Na kwa kuwa wengi wanataka barua yenyewe, hii hapa. Jazeni nukta.

"Mimi, ……… (majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti), mwenye pasipoti namba ………, ni mama mzazi wa ………, aliyezaliwa tarehe ………, mahali ………, mwenye pasipoti namba ……… Nina haki ya malezi ya mtoto huyu. Naridhia asafiri na baba yake, ………, mwenye pasipoti namba ………, kutoka ……… kwenda ………, kupitia ………. Hawataondoka kabla ya tarehe ……… na watarudi kabla ya tarehe ……… kwisha. Watakaa kwa ………, anwani ………, simu ………. Naridhia pia baba yake aidhinishe matibabu ya dharura atakayohitaji mtoto katika safari hii. Ridhaa hii ni ya safari hii tu, na si ruhusa ya kuhamisha makazi ya mtoto. Napatikana kwa simu ………, barua pepe ………. Nimesaini leo tarehe ………, mbele ya ………"

Maelezo machache juu yake.

Tarehe nimeziweka kama kipindi, siyo kama tarehe ya tiketi. Ndege ikiahirishwa siku moja, barua inayosema "watarudi tarehe 14 Agosti" imekufa tarehe 15. Acheni nafasi ya siku 3 hadi 5 kila upande. Lakini msiache wazi kabisa. Barua isiyo na tarehe ya kurudi ni mbaya kwa pande zote mbili. Bibi Sheria ataeleza kwa nini.

Mwezi uandikwe kwa herufi. 03/04 kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, kwa wengine ni tarehe 3 Aprili.

Kipengele cha matibabu watu hukiruka. Kwa mzazi anayesafiri na mtoto wake mwenyewe kinaweza kuonekana cha ziada, lakini bibi, shangazi au mwalimu akiwa hospitalini na mtoto anayehitaji kuchanjwa au kushonwa, ndicho kitakachoulizwa. Ongezeni mzio wa dawa na magonjwa ya kudumu kwenye karatasi ya pili, si kwenye barua ya ridhaa. Afisa wa uhamiaji hana haja ya kujua pumu ya mtoto.

Watoto watatu, barua tatu. Ndiyo, hata kama safari ni moja. Familia zinatengana viwanja vya ndege, mtoto mmoja akaugua akabaki na mama, barua ya pamoja ikaondoka na baba.

Ziara za shule: tajeni viongozi wawili kwa majina na pasipoti, mkiweka neno "au" kati yao. Mwalimu mmoja akiugua asubuhi ya safari, watoto 30 wenye barua zinazomtaja yeye peke yake hawaondoki.

---

Chap Chap

Je, ikisainiwa tu nyumbani bila notari? Na PDF kwenye simu inakubalika?

---

Mtafsiri wa Kiapo

Kuna nchi zinakubali saini tupu pamoja na nakala ya kitambulisho. Ile fomu ya Ufaransa ni hivyo, hakuna haja ya kwenda ofisi yoyote kugongewa muhuri. Lakini kama hujathibitisha nchi yako inakubali nini, nenda kwa notari au kamishna wa viapo. Afisa hawezi kujua kama saini ni ya mama au ya binamu, na notari ndiye anayesema "nilimwona akisaini". Kwa hiyo usisaini nyumbani halafu upeleke. Peleka ikiwa haijasainiwa.

PDF kwenye simu ni akiba, siyo hati. Isipokuwa pale nchi yenyewe ina idhini ya kielektroniki inayohakikiwa kwa msimbo wa kuskani, kama notari wa Brazili wanavyotoa sasa.

Sasa apostili, yaani cheti kinachobandikwa kwenye hati ili itambulike nchi nyingine, maana hapa watu wanapoteza pesa na wiki nzima. Mkataba wa apostili ni wa tarehe 5 Oktoba 1961. Apostili haithibitishi kwamba maneno ya barua ni ya kweli. Inathibitisha kwamba saini na muhuri wa yule notari au msajili ni wa kweli. Barua isiyo na notari kwa kawaida haina cha kubandikiwa. Mpangilio sahihi ni huu: saini mbele ya notari, kisha apostili kutoka mamlaka ya nchi hiyo hiyo, kisha tafsiri. Ukitafsiri kwanza, apostili yenyewe inabaki haijatafsiriwa, na kuna ofisi zitakurudisha kwa hilo. Na apostili hutolewa na nchi ilikotoka hati. Hati ya nchi moja haibandikiwi apostili ya nchi nyingine, hata ukilia.

Kama moja ya nchi hizo mbili haimo kwenye mkataba, njia ni ndefu: notari, wizara ya mambo ya nje ya nchi ya hati, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Angalieni orodha ya sasa, kwa sababu inabadilika. China imeanza kuutumia Novemba 2023, Kanada Januari 2024, na miongozo mingi ya zamani mtandaoni bado inawapeleka watu ubalozini bila sababu.

Tafsiri: majina hayatafsiriwi wala hayabadilishwi tahajia. Kama pasipoti imeandika jina kwa namna moja na cheti kwa namna nyingine, mtafsiri anaacha kila moja ilivyo na anaweka maelezo chini. Mtafsiri "anayerekebisha" jina ili lifanane anawaletea matatizo, maana sasa tafsiri haifanani na hati yake.

---

Kiapo na Saini

Mada yenyewe ngumu ni mzazi asiyepatikana. Naziweka hali moja moja.

Amefariki: cheti cha kifo, nakala iliyothibitishwa, imetafsiriwa ikibidi. Usitegemee maelezo ya mdomo hata kama ni miaka 10 iliyopita.

Hayumo kwenye cheti cha kuzaliwa: cheti kirefu chenyewe chenye nafasi iliyoachwa wazi mara nyingi kinatosha, ila nchi nyingine zinataka na hati ya kiapo ya mzazi aliyepo kwamba yeye ndiye mlezi pekee. Ibebeni yote.

Yuko nchi nyingine: asaini kwenye ubalozi wa nchi ambako hati itatumika, au kwa notari wa huko na apostili. Atume nakala halisi kwa kampuni ya vifurushi, siyo picha. Hesabuni muda wa posta. Hapo ndipo wiki mbili zinapotea.

Yuko gerezani: bado ana haki zake za mzazi mpaka mahakama iseme vingine. Ofisi ya gereza hupanga notari aingie.

Hajulikani alipo: hapa hati ya kiapo yako peke yake haitoshi kwa nchi nyingi. Inatakiwa amri ya mahakama, na mahakama itataka kuona umemtafuta: ujumbe uliotuma, barua kwenye anwani ya mwisho iliyorudi, ndugu uliowauliza na walichojibu, tarehe kwa tarehe. Anzeni kutunza ushahidi huo kabla ya kufikiria tiketi.

Amekataa: mahakama tena. Na hapa wengi wanapeleka malalamiko juu ya mwenzao badala ya kupeleka safari. Hakimu anataka kujua mtoto atarudi. Mpe ratiba, nafasi ya tiketi ya kwenda na kurudi, anwani ya mwenyeji, barua ya shule inayoonyesha muhula unaanza lini, uthibitisho wa kazi yako na nyumba yako, na pendekezo la namna mtoto atakavyozungumza na mzazi mwingine akiwa huko. Ukiweza kuahidi dhamana au kukabidhi pasipoti ukirudi, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Msilipie tiketi isiyorudishika kwanza ili kuibana mahakama. Hiyo inamfanya hakimu aone mtu ambaye ameshaamua.

Amri ikitoka, hakikisheni imeandika jina la mtoto kama kwenye pasipoti, nchi, kipindi, na nani anasafiri naye. Ombeni nakala mbili zilizothibitishwa na muhuri wa mahakama. Nakala ya fotokopi ya amri ni karatasi tu.

---

Chap Chap

Bibi Sheria tunasubiri ile ya tarehe ya kurudi.

---

Bibi Sheria

Naam. Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 unahusu mambo mawili: kumwondoa mtoto isivyo halali na kumzuia asirudi isivyo halali. Watu wanakumbuka la kwanza, wanasahau la pili. Safari iliyoanza kwa ridhaa kamili inaweza kugeuka kosa siku ambayo mtoto alitakiwa kurudi na hakurudi.

Sasa fikiria barua isiyo na tarehe. Mzazi aliyebaki anasema "nilikubali wiki tatu". Aliyesafiri anasema "ulikubali tukae". Mkataba unaruhusu mahakama kukataa kumrudisha mtoto kama mlalamikaji aliridhia, au alinyamaza baadaye kwa namna ya kukubali. Barua yako ya ukarimu inakuwa ushahidi dhidi yako. Kwa aliyesafiri ni hivyo hivyo kinyume chake: barua yenye tarehe iliyoandikwa bayana inamlinda asiitwe mtekaji siku ya tano.

Mengine ya kujua. Mkataba unakoma mtoto anapotimiza miaka 16. Ombi likifika mahakamani kabla ya mwaka mmoja kupita tangu kosa, kanuni ni kumrudisha. Mwaka ukipita, upande wa pili unaweza kudai mtoto ameshazoea mazingira mapya. Hivyo kusubiri "tumalizane kifamilia" kwa miezi 14 kuna gharama. Kurudishwa maana yake ni kurudi nchi ya makazi yake ya kawaida. Nani abaki na mtoto ni shauri la mahakama za huko. Na upo mlango kwa anayekimbia hatari: kifungu cha 13 kinaruhusu kukataa pale kuna hatari kubwa kwamba kurudi kutamletea mtoto madhara ya mwili au ya akili. Ni mlango mwembamba, unahitaji ushahidi, na anayepigwa nyumbani amwone wakili kabla ya kupanda ndege kuliko baada.

Mkataba unafanya kazi tu kama nchi zote mbili zimo na umeanza kutumika kati yao. Mahakimu huuliza hilo kwenye maombi ya ruhusa ya safari. Kwenda nchi isiyomo hakuzuiliwi moja kwa moja, ila mtaombwa dhamana nzito zaidi.

---

Dirisha Namba Nne

Kitu kidogo kuhusu mashirika ya ndege, maana hakijaguswa. Shirika likimleta abiria asiyekubalika, linamrudisha kwa gharama za shirika lenyewe na linaweza kupigwa faini. Ndiyo maana dada wa kaunta anaweza kuwa mkali kuliko afisa wa uhamiaji. Usimgombeze kwa kumwambia sheria haidai. Mwonyeshe nyaraka.

Umri wa shirika na umri wa nchi ni vitu viwili. Mashirika mengi hayampokei wa chini ya miaka 5 akiwa peke yake, na yanalazimisha huduma ya kusindikizwa kwa miaka 5 hadi 11. Wa miaka 12 hadi 17 wanamuuzia tiketi kama mtu mzima. Hapo ndipo mzazi anaghafilika: shirika limekubali, lakini kwa uhamiaji huyo bado ni mtoto na dirisha litamtaka barua. Kwenye nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, walinzi wa mpaka wana wajibu wa kumwangalia kwa makini mtoto yeyote, aliye na mtu mzima au la, kuhakikisha hatoki kinyume na matakwa ya wenye malezi.

Fomu ya kusindikizwa ina jina la atakayempokea. Anayekuja lazima awe yeye, na kitambulisho chenye jina hilo. Mjomba akituma mdogo wake kwa sababu yuko kazini, mtoto anabaki na wafanyakazi wa shirika mpaka mjomba afike. Andikeni wapokeaji wawili kama fomu inaruhusu. Na epukeni ndege ya mwisho ya siku yenye kuunganisha; ikikosekana, mtoto analala wapi?

---

Mama Nyaraka

Na wenye uraia wa nchi mbili: kutoa pasipoti ya pili dirishani hakuondoi sharti. Nchi inayodai idhini itamhesabu mtoto ni raia wake.

---

Chap Chap

La mwisho kabisa wakuu. Mzazi akisaini halafu akaghairi kabla ya safari?

---

Kiapo na Saini

Anaweza. Aandike kufuta ridhaa, aipeleke kwa mwenzake kwa njia yenye ushahidi wa kupokelewa, na nakala kwa notari aliyethibitisha. Lakini karatasi ile ya kwanza bado iko mkononi mwa msafiri na dirishani haionyeshi kwamba imefutwa. Anayeogopa kweli kweli aende mahakamani au polisi kuomba zuio la kutoka nchini. Ufaransa, kwa mfano, mzazi anaweza kuweka pingamizi la dharura la siku 15 akisubiri mahakama. Barua pepe ya "nimebadili mawazo" saa tatu kabla ya ndege haimsimamishi mtu.

---

Chap Chap

Nimeelewa. Nakala halisi ngapi sasa, na kalamu yoyote tu?

---

Muhuri Mbichi

Tatu: moja inaweza kubaki mpakani wakati wa kutoka, moja ya kuingilia, moja ya kurudia. Zote kwenye mkoba wa mkononi wa msafiri mzima, si kwenye begi la chini ya ndege. Kalamu iwe ya bluu. Nyeusi ikipita kwenye mashine nzuri ya fotokopi, hakuna anayeweza kutofautisha halisi na nakala, na afisa ataanza kupitisha kidole kwenye karatasi akitafuta mkwaruzo wa kalamu.